Msaada wa serikali kwa mkulima wa Kigoma: unapita wapi, unafika lini

Kila mwaka ifikapo Mei, Waziri wa Kilimo husimama bungeni Dodoma na kusoma bajeti ya wizara yake, na kabla jua halijazama tarakimu zile zimeshafika kwenye makundi ya WhatsApp ya Kasulu, Kibondo na Ujiji. Na kweli zimekua. Mwaka wa fedha 2021/22 wizara ilitengewa takriban Sh bilioni 294. Mwaka uliofuata ikapewa bilioni 954, na ilipofika 2024/25 ikavuka trilioni 1.2. Ndipo mkulima wa Kakonko anapouliza: mbona huku kwangu sijaona hata thumni?

Swali lake ni la haki, na linastahili jibu refu kuliko analopewa mikutanoni. Fedha hizo hazikupangwa zimfikie mkononi. Nyingine zinageuka punguzo la bei ya mfuko wa mbolea, nyingine mche kitaluni, nyingine mfereji wa maji, pikipiki ya afisa ugani, mshahara wa mtafiti. Upo hata msaada usioonekana kwenye bajeti ya kilimo, kwa sababu unafanyika bandarini Dar es Salaam, pale mwenye kuleta mafuta ya kula kutoka nje anapotozwa ushuru. Kwa hiyo ukubwa wa fungu la Dodoma unakuambia kidogo sana kuhusu shamba la Kigoma. Anayetaka kujua aulize mwezi: msaada huu unafika lini, na zao la mkulima wakati huo litakuwa limefikia wapi?

Nauliza hivyo kwa sababu mkoa huu unalima kwa kalenda tofauti kabisa. Huko juu Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko watu wanalima mahindi, maharage na mihogo, na penye baridi kidogo kahawa, wakifuata mvua inayoanza mwezi wa kumi na kukatika kama mwezi wa tano. Ukanda wa ziwa, Kigoma Vijijini na sehemu za Uvinza, kuna michikichi, mti ambao ukishika unakulisha kwa zaidi ya miaka 20. Na mabondeni, kama lile la Mto Luiche unaoingia Ziwa Tanganyika kusini kidogo ya Ujiji, yupo mkulima wa nyanya, mchicha, bamia na vitunguu, ambaye fedha yake inaingia na kutoka kwa wiki. Mifumo yetu ya msaada imeshonwa kwa kipimo cha yule wa kwanza. Wa pili ameanza kukumbukwa miaka ya karibuni. Wa tatu bado anavaa nguo ya mwenzake.

Mfuko wa mbolea

Ruzuku ya mbolea haikuanza juzi. Kati ya 2008/09 na 2013/14 kulikuwa na mpango wa vocha za pembejeo, na Kigoma ilikuwamo. Kaya iliyochaguliwa na kamati ya vocha ya kijiji ilipewa vocha tatu: ya mbolea ya kupandia, ya mbolea ya kukuzia, na ya mbegu bora ya mahindi au mpunga, za kutosha ekari moja. Vocha ilibeba karibu nusu ya bei, nusu nyingine mkulima akaitoa mfukoni mwake.

Hapo kwenye nusu ya mkulima ndipo mpango ulipovuja. Asiyekuwa na fedha ya kuongezea aliiuza vocha yake kwa bei ya kutupa, aliyeinunua akaidai serikali thamani yake yote, na mbolea yenyewe haikutoka ghalani. Zikapatikana pia vocha zilizosainiwa kwa majina ya watu ambao hawakuwahi kuziona. Karatasi ilikuwa rahisi kuhama mkono, na kila ilipohama kuna aliyefaidi asiyekuwa na jembe.

Mpango wa sasa ulizaliwa kwenye shida nyingine. Mwaka 2021 na 2022 bei ya mbolea duniani ilipanda vibaya, kwanza kwa misukosuko ya Uviko, kisha kwa vita vya Ukraine, hadi mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ukauzwa hapa nchini kwa zaidi ya Sh 120,000. Tarehe 8 Agosti 2022, siku ya kilele cha Nane Nane jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku mpya, iliyotengewa Sh bilioni 150 kwa mwaka huo wa fedha. Mfuko wa DAP na wa urea ukashuka hadi takriban Sh 70,000. Baadaye, msimu wa 2024/25, ruzuku ikaongezwa kwenye mbegu za mahindi.

Safari hii vocha ya karatasi haipo. Mkulima anajiandikisha ofisi ya kijiji au mtaa: jina, kitambulisho, simu, ukubwa wa shamba na zao analolima. Taarifa zinaingizwa kwenye mfumo wa Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania, TFRA, naye anapewa namba yake. Akifika kwa wakala aliyesajiliwa, anaitaja namba, wakala anaiingiza kwenye simu, mfumo unaonyesha mkulima huyu ana haki ya mifuko mingapi kwa ekari alizoandikisha. Mfuko nao umebandikwa alama ya siri. Wakala anaimulika kwa kamera ya simu, na kuanzia hapo mfuko ule una mwenyewe, kwa jina. Mkulima analipa sehemu yake na kubeba. Bila mtandao, hatua zote hizi zinasimama, na watu wanabaki barazani wakisubiri mnara urudi huku wingu linajikusanya.

Kuna jambo hapa ambalo wengi hawaelezwi. Ile sehemu ya bei ambayo mkulima hakulipa haitoki serikalini siku hiyo. Kampuni ya mbolea imeshaagiza mzigo, imelipia meli na lori kwa fedha yake au ya benki. Ikiuza kwa bei ya ruzuku inabaki na dai, na dai linalipwa baada ya kuhakikiwa. Malipo yakichelewa, mtaji wa kampuni unakuwa umefungwa, na mwenye mtaji uliofungwa anakuwa mwangalifu mzigo mdogo alionao aupeleke wapi. Sasa angalia ramani. Kigoma ni mwisho wa Reli ya Kati, kiasi cha kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Bei elekezi huzingatia umbali, lakini umbali si nauli tu. Ni siku, ni lori linalokwama, ni wakala mdogo wa Kibondo anayetakiwa kuweka fedha mbele ndipo aletewe mzigo. Palipo mwisho wa njia, ucheleweshaji mdogo wa Dodoma huongezeka kila kituo.

Na kuchelewa kwa mbolea kuna gharama ambayo haionekani kwenye risiti. DAP inapendwa kwa kupandia kwa sababu ya fosforasi, kirutubisho cha mizizi. Fosforasi haitembei udongoni. Inakaa pale ulipoiweka, kwa hiyo sharti iwe chini, karibu na mbegu, siku ya kupanda. Ukiimwaga juu mwezi mmoja baadaye, mzizi uliohitaji kuipata ukiwa mchanga haukuipata, na mhindi ulioanza kwa kudhoofika haurudi nyuma ukaanza upya. Urea nayo ni ya kukuzia, wakati mahindi yamefika usawa wa magoti. Ukiipata wakati mbelewele zimeshatoka, sehemu kubwa ya fedha yako umeimwaga kwenye majani. Mkulima wa Kasulu aliyepata DAP kwa Sh 70,000 mwezi wa kumi na mbili, wakati mahindi yalipandwa mwezi wa kumi, amepata ruzuku kwenye kitabu cha serikali. Shambani amepata hasara.

Hesabu ya miezi ni fupi mno. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Mvua inaweza kuanza Oktoba. Miezi mitatu iliyo katikati inatakiwa itoshe fedha kutolewa, mzigo kupakuliwa, malori kusafiri na daftari la wakulima kuhuishwa. Kwa hiyo mbolea ya kupandia ya Kigoma, ili ifike kwa wakati, ilitakiwa iwe imeagizwa kabla bajeti haijapitishwa. Kwa maoni yangu hili ndilo la kushughulikiwa kwanza, mbele ya kuongeza ukubwa wa punguzo. Punguzo dogo la Septemba lina faida kuliko punguzo kubwa la Desemba.

Daftari lenyewe lina matundu yake. Linamtambua aliyeandikishwa, na kwenye kaya nyingi aliyeandikishwa ni baba, kwa sababu simu na kitambulisho ni vya baba, hata kama anayelima ni mama. Wakipishana nyumbani, mbolea ya shamba la mama inafuata namba ya baba. Aliyekodi shamba mwaka huu kijiji kingine naye anajikuta ekari zake zimeandikwa mahali asipolima. Mambo haya yanarekebishika ofisi ya kijiji, lakini yanarekebishika mwezi wa saba na wa nane. Ukienda mwezi wa kumi na moja utakuta kila mtu ana shida yake.

Tusisahau mpaka. Mkoa huu unapakana na Burundi, na Kongo iko ng'ambo ya ziwa. Mbolea ya upande mmoja ikiwa rahisi kuliko ya upande wa pili, kishawishi cha kuivusha kinakuwepo, na kila mfuko unaovuka ni ekari ya Mtanzania iliyokosa. Ule ubandikaji wa alama na umulikaji wa simu unaowachosha wakulima foleni una sababu yake hapo.

Wakulima wa mihogo wa Kakonko na Kibondo, kwa upande wao, hawana sababu kubwa ya kuipigania foleni hiyo. Shida yao ni batobato na michirizi kahawia, magonjwa yanayosambaa kupitia vipando. Mbolea haiponyi virusi. Wanachohitaji ni vipando safi vya aina zinazovumilia, na kazi hiyo ni ya watafiti wa TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, na wazalishaji wa mbegu wanaokaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu. Msaada wa namna hiyo ni wa bei nafuu na hausikiki redioni, lakini kwa ukanda ule wa mihogo thamani yake ni kubwa.

Michikichi: msaada unaoanza kwenye ua

Mwaka 2018 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuja Kigoma na kuanzisha kampeni ya kufufua zao la michikichi. Kituo cha Kihinga kikafanywa kituo cha utafiti wa zao hilo chini ya TARI. Sababu ilikuwa wazi. Tanzania inaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula inayotumia, huku Kigoma watu wanakamua mawese tangu enzi za mababu.

Wengi waliuliza wakati ule, na wengine bado wanauliza: kwa nini serikali ijenge kituo kizima cha kuzalisha mbegu, wakati chikichi zimejaa porini na barabarani, mtu anaokota na kupanda bure? Jibu lake linahitaji tutulie kidogo.

Michikichi mingi ya asili ya Kigoma ni Dura. Ukipasua tunda lake utakuta ganda nene la mbegu, na nyama ya njano inayotoa mawese ni nyembamba. Kuna aina nyingine, Pisifera, isiyo na ganda kabisa, lakini maua yake ya kike kwa kawaida hayakomazi mikungu, kwa hiyo haifai kulimwa peke yake. Ukizichanganya hizo mbili unapata Tenera: ganda jembamba, nyama nene, mafuta mengi zaidi ya Dura kwa kila mkungu. Mbegu ya kisasa inayosemwa ni hiyo.

Lakini Tenera ina tabia ambayo mkulima asipoijua itamgharimu miaka. Ukichukua mbegu zilizodondoka chini ya Tenera nzuri ya jirani ukazipanda, hupati Tenera tupu. Hata chavua ikiwa imetoka kwenye Tenera nyingine, kwa wastani katika kila miche minne, miwili itakuwa Tenera, mmoja utarudi kuwa Dura, na mmoja utakuwa Pisifera usiozaa cha maana. Na huwezi kuitofautisha kitaluni, majani yanafanana. Utagundua ikianza kuzaa, baada ya miaka mitatu au minne, ukiwa umeshapalilia, umeshawafukuza panya, umeshakataa kupanda zao lingine palepale.

Njia ya uhakika ya kupata Tenera tupu ni uchavushaji wa mkono. Ua jike la mchikichi wa Dura uliochaguliwa linafungwa mfuko kabla halijafunguka, ili upepo na wadudu wasilitangulie. Mtaalamu anaukwea mti, anapuliza ndani ya mfuko chavua iliyokusanywa kwenye Pisifera, anafunga tena, anaandika tarehe. Mkungu unakomaa baada ya miezi kadhaa, mbegu zinaoteshwa kwa joto maalumu, kisha miche inakaa kitaluni karibu mwaka mzima. Mkulima mwenye ekari mbili hawezi kufanya kazi hiyo, na mfanyabiashara hana haraka ya kuifanya mahali ambapo soko lake bado ni wakulima wadogo. Kwa hiyo serikali ikafanya kupitia Kihinga, na taasisi kama kambi ya JKT Bulombora na Gereza la Kwitanga zikahusishwa kuotesha miche na kupanda mashamba yao. Mche ulioupokea bure kutoka halmashauri umeshagharimu watu wengi muda mwingi. Ukifa kwa kuachwa juani kwenye uwanja wa ofisi ya kata ukisubiri ugawaji, kimekufa kitu kikubwa kuliko kinavyoonekana.

Hapa kalenda inakuwa ndefu. Ekari moja inachukua miti isiyozidi 60 hivi. Tangu mbegu hadi mkungu wa kwanza ni miaka minne au zaidi, na mkulima lazima ale kipindi chote hicho. Ndiyo maana maafisa ugani wanahimiza maharage na mahindi katikati ya mistari miaka ya mwanzo, kivuli kikiwa bado kidogo. Mikopo ndipo inapogoma. Tangu 2021 mabenki makubwa yameshusha riba ya mikopo ya kilimo hadi asilimia 9, baada ya Benki Kuu kuchukua hatua za kuchochea mikopo, likiwemo dirisha la Sh trilioni 1 kwa sekta binafsi, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ipo tangu 2015. Riba hiyo ni nafuu ya kweli kwa mwenye mahindi, anayeuza mwaka huohuo. Mwenye michikichi hasumbuki sana na riba. Anasumbuka na tarehe ya rejesho la kwanza. Mkopo unaotakiwa kuanza kulipwa mwezi wa kumi na mbili, kwa mti utakaozaa mwaka wa nne, utalipwa kwa kuuza mbuzi.

Na baada ya mkungu kuna kukamua. Kina mama wa vijiji vya Simbo, Mkongoro na kwingineko wanachemsha chikichi kwenye mapipa, wanatwanga, wanakamua kwa mashine ya mkono, na mise, yaani kokwa za ndani, zinapasuliwa kwa mafuta yake ya sabuni. Tunda lile lile likichelewa kukamuliwa, tindikali inapanda na mafuta yanashuka daraja. Kwa hiyo Tenera bila mashine iliyo karibu ni mafuta mengi zaidi yanayoharibika. SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo, hutengeneza mashine ndogo za kusindika, na kwa mtazamo wangu zinastahili kuhesabiwa ndani ya mpango wa michikichi kwa uzito uleule wa miche.

Ushuru wa bandarini na ushuru wa kizuizini

Bajeti ya 2018/19 iliongeza ushuru wa forodha kwa mafuta ghafi ya kula kutoka asilimia 10 hadi 25, na yaliyosafishwa kutoka 25 hadi 35. Viwango vya namna hii hupitiwa kila mwaka na nchi za Afrika Mashariki, na vinaweza kupanda au kushuka. Mantiki yake ni kwamba mafuta ya nje yakiwa ghali, mawese na alizeti za hapa zinapata nafasi ya kuuzwa. Kwa mkamuaji wa Kigoma huu ni msaada, japo hakuna aliyemkabidhi kitu. Anayelipa ni mnunuzi wa mafuta dukani, pamoja na mkulima mwenyewe akienda kununua mafuta ya kukaangia dagaa.

Ushuru wa pili mkulima anaujua kwa sura: ule wa halmashauri. Mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiozidi tani moja unaovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine ukasamehewa. Kisheria mlipaji ni mnunuzi. Kwa vitendo mnunuzi anaukata mapema kwenye bei anayokupa, na mkulima mwenye magunia sita ya maharage kwenye bajaji anasimamishwa kizuizini kwa sababu hajui kwamba mzigo wake haufiki tani. Punguzo lile la 2017 ni msaada wa serikali kama ulivyo mfuko wa mbolea. Tofauti ni kwamba huu unautumia kwa kuujua tu.

Mapato ya ndani ya halmashauri, ushuru huo ukiwemo, ndiyo yanayotoa ile asilimia 10 ya mikopo isiyo na riba: nne kwa vikundi vya wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa 2024. Wilaya yenye mavuno mabaya inakusanya ushuru mdogo, na asilimia 10 ya kidogo ni kidogo zaidi. Mwaka ambao wakulima wanauhitaji mkopo kuliko miaka yote ndio mwaka ambao mfuko una kitu kichache.

Na mwenye nyanya?

Mkulima wa mboga anaweza kujiandikisha na kununua mbolea ya ruzuku kama mwingine. Shida ni kwamba msimu wake mzuri ni kiangazi, kati ya Juni na Septemba, ambapo nyanya za mvua zimekwisha na bei inapanda. Wakati huo macho ya mfumo yako kwenye maandalizi ya mahindi. Isitoshe, mbolea si gharama inayomuua. Zinazomuua ni tatu: maji, dawa na barabara.

Maji anayavuta kwa ndoo au kwa pampu ya petroli, na petroli haina ruzuku ya kilimo. Miradi ya umwagiliaji, ambayo imechukua sehemu kubwa ya ongezeko la bajeti tangu 2022, inasimamiwa na Tume ya Taifa ya Umwagiliaji na inapimwa kwa skimu kubwa, zile za mabanio na mifereji mirefu. Bonde la Luiche limo kwenye mipango hiyo. Skimu kubwa ni jambo jema, na natamani kuiona imekamilika. Hata hivyo mwenye robo ekari ya bamia kando ya kijito kisicho na jina kwenye ramani hatafikiwa na banio lolote. Kwake kisima kifupi na pampu ndogo ya sola vinatosha, na hivyo vinapatikana kwenye kikundi cha mkopo wa halmashauri haraka kuliko Dodoma.

Kwenye dawa, adui anajulikana kwa jina: kantangaze, nondo mdogo aliyeingia nchini mwaka 2014, ambaye kiwavi wake anachimba ndani ya jani na tunda la nyanya. Akiwa ndani dawa haimfikii, na anazoea dawa haraka. Mkulima anaongeza kipimo, anachanganya chupa mbili, anapulizia kila baada ya siku tatu, na mlaji wa Kigoma Mjini anapelekewa nyanya iliyopuliziwa jana. Kazi ya kusajili na kukagua viuatilifu ni ya TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Lakini anayeweza kumfundisha mtu kutega nondo kwa mitego ya harufu, kung'oa na kuzika mabaki baada ya mavuno, na kubadilisha kundi la dawa badala ya jina la chupa, ni afisa ugani. Mwaka 2022 maafisa ugani nchini waligawiwa maelfu ya pikipiki na vifaa vya kupimia udongo. Pikipiki inasaidia ikiwa ina mafuta, na afisa mmoja mwenye vijiji kadhaa atakwenda kwanza kwenye zao linalodaiwa taarifa kila wiki. Nyanya haina bodi. Tumbaku, pamba na kahawa zina bodi, vyama vya ushirika vyenye mizani na vitabu, watu wa kupiga simu wilayani. Kahawa ya Kalinzi na Buhigwe ina hata kituo cha utafiti cha Mwayaya. Mwenye nyanya ana simu yake na dalali.

Barabara nayo: kuanzia Julai 2017 njia za vijijini ziko chini ya TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Kwa maharage, barabara mbovu inapunguza bei. Kwa nyanya inafuta bei yote, kwa sababu tenga likilala njiani usiku mmoja wa joto, asubuhi unauza maji. Kalavati moja kwenye njia ya bondeni linaweza kumsaidia mkulima wa mboga kuliko mifuko kumi ya mbolea, ingawa kwenye vitabu vya serikali litaandikwa chini ya ujenzi na hakuna atakayelihesabu kama msaada kwa kilimo.

Mambo haya ya mwisho, kisima, kalavati, kibanda chenye kivuli sokoni, yanaamuliwa karibu kuliko watu wanavyodhani. Vipaumbele vya kijiji hukusanywa kuelekea mwisho wa mwaka, vikapitia kwenye kamati ya maendeleo ya kata, kisha halmashauri ikajadili bajeti yake mapema mwaka unaofuata. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Ule wa kati ya Oktoba na Desemba unaangukia wakati kila mtu yuko shambani anapanda, na mara nyingi wanaohudhuria ni wachache. Kikundi cha wakulima wa mboga kinaweza kupeleka hoja yake kwa maandishi kwa mtendaji wa kijiji mwezi wa tisa, nyanya za kiangazi zikiwa bado zinalipa, na kuomba iingizwe kwenye ajenda na kwenye muhtasari wa kikao. Iandikwe njia gani, kijito gani, wakulima wangapi, matenga mangapi yanapita hapo kwa wiki, na nakala iliyogongwa muhuri ibaki mikononi mwa kikundi. Diwani akifika kwenye baraza la bajeti na muhtasari huo, ana cha kusimamia.